Taa Nne

Nimesahau kumuuliza jambo moja tu:
je, taa amezichomoa?

Saa tano usiku. Mtandao umelala.
Boti iko mahali fulani kati ya Bukavu na Idjwi,
na ndani ya boti, chini ya magunia nisiyojua idadi yake,
imo amplifaya yangu,
kilo kumi na tisa za chuma na waya,
na taa nne za kioo chembamba kama ukucha wa kichanga
ambazo fundi Ntakwinja alizisaka Kadutu miezi saba,
akanipigia simu: Zimewaka, mama. Zote nne. Njoo usikilize.
Sikwenda. Nilituma pesa za likelemba, nikasema: Itume.

Sasa nalala ubavu huu, nalala ubavu ule.
Upepo ukigonga bati, nasema: wimbi.
Mbwa wa jirani akiruka ukuta, nasema: wameiangusha.
Najua ameandika juu ya katoni kwa wino mwekundu
KIOO. UPANDE HUU JUU.
Najua na wapagazi wa bandari:
maandishi kwao ni kama nembo ya sabuni,
hushika pembe iliyo karibu,
na mzigo ukiwa mzito hukaliwa,
na ukishakaliwa, mtu huweka chai juu yake.

Mume wangu anauliza gizani:
Kama ni kioo, kwa nini hukununua zile za plastiki
za soko la Virunga, zinazowaka rangi saba?
Simjibu. Zile hupiga kelele.
Mimi nataka sauti inayokaa chumbani kama mtu,
yenye kifua, inayovuta pumzi kabla ya neno.
Niliisikia mara moja, nina miaka tisa,
dirishani kwa padri, yeye akifua soksi zake,
na besi ikitembea sakafuni bila viatu.

Alfajiri ujumbe unasema: Imeshuka.
Imeshuka vipi? Kwa mikono, au yenyewe?

Halafu kuna Mumbere na chukudu yake.
Naijua chukudu: gurudumu la mti
juu ya njia ya Birere, juu ya lava
iliyokuja moto ikaganda na hasira zake,
kila jiwe jino.
Nasimama mlangoni nayahesabu meno.
Namwona anatokea konani
na chukudu ni tupu.
Tupu kabisa.
Moyo wangu ukasema neno ambalo sitaliandika.

Ndipo akageuka kuegesha,
na mgongoni, amefunga kwa kitenge cha mkewe,
katoni yangu, kama mtoto mwenye homa.
Nilijaribu hatua kumi, akasema. Ikalia ndani. Nikaibeba.
Ikalia?
Akainama, akatikisa bega taratibu ili nisikie:
sha. sha.

Nilifungua kwa kisu cha vitunguu, magoti chini.
Hakukuwa na pamba wala magazeti.
Maharage. Fundi alijaza maharage kila pengo,
yale ya madoa mekundu ya Walungu,
kilo sita pengine, yakimwagika, yakikimbilia chini ya kabati,
Mumbere anacheka, anaokota,
na katikati, soksi nne za mtoto,
kila moja na fundo lake na namba yake.
Alizichomoa.
Ya tatu ilikuwa imetoboka kidoleni
na kioo kilinichungulia, kizima.

Jioni tulipika kilichokinga mzigo.
Mumbere alikula sahani mbili.
Kisha nikaziweka taa mahali pake, nikawasha.
Tatu zikapata wekundu mara moja,
ule mdogo ambao Goma tunaujua angani usiku.
Ya tatu, ile ya soksi mbovu, ilichelewa.
Nikaweka kiganja karibu, sikuigusa.
Ikaja.

Punje moja imebaki nyuma ya transfoma.
Besi ikishuka, inacheza: tik, tik.
Mume wangu anasema, irudishe kwa fundi aitoe.
Nikamtazama.
Kati yetu na fundi kuna ziwa.